Mota ya Tatu

9 Februari

Mwanangu,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua asubuhi, ila mdomo mzima, na anauliza kama huko unakula chakula au unakula vitabu. Nawe u hali gani? Kile kikohozi kiliisha?

Ningeweza kupiga simu, lakini jambo hili nataka ulisome taratibu, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Unajua hapa kituo cha maji nimesuka mota za pampu miaka ishirini na sita. Mota ikiungua, naitoa shaba iliyoungua, nasuka koili mpya, napaka vanishi, naikausha, inarudi kazini. Haijawahi kurudi kwangu kabla ya miaka mitano. Sasa mbili zimeungua mfululizo. Ya kwanza ilifanya kazi siku kumi na tisa, ya pili siku kumi na moja. Ya tatu ipo mezani kwangu, naisuka. Mhandisi, mkuu wetu hapa, anasema mkono wangu umechoka. Anasema mbele za watu, kwa kucheka, na watu wanacheka kumfurahisha.

Lakini sikiliza. Mota hizi hazikuwa na shida mpaka walipoleta draivu, yale makabati ya kuongeza na kupunguza kasi ya mota. Wameyaweka juu, kwenye jengo la ofisi penye ubaridi, na kebo inateremka hadi kwenye pampu. Nimeipima kwa miguu: hatua mia moja na arobaini. Nilipofungua mota zote mbili nilikuta zimeungua mahali pamoja, mizunguko ya kwanza ya koili, pale umeme unapoingilia. Kwingine kote shaba inang'aa kama nilivyoiacha. Mkono mbaya hauchagui mahali, mwanangu. Ungeharibu popote.

Wewe ndiye unayesoma mota na draivu. Waulize walimu wako. Niambie kama nimezeeka au la, nitalipokea lolote.

Baba yako

21 Februari

Shikamoo baba,

Mimi mzima, kikohozi kimeisha, na mwambie mama nakula vyote viwili. Yeye magoti asiyakande kwa maji ya moto sana. Natumaini wote mnaendelea vizuri.

Baba, barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Si mkono wako.

Umeme ule wa zamani ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu anayepumua. Draivu haipumui. Inapiga makofi, maelfu kwa kila sekunde, na kasi ya mota inatokana na namna makofi hayo yanavyopangwa. Kebo ikiwa fupi hakuna neno. Ikiwa ndefu kama yenu, kila kofi likifika kwenye mota hugonga na kurudi kama mwangwi, na pale mlangoni lile linaloingia na lile linalorudi yanajumlika. Volti zinakaribia kuwa mara mbili. Na wanaopokea kipigo hicho ni wale walio mbele, mizunguko ya kwanza. Umeona kwa macho yako kitu ambacho sisi tunachorewa ubaoni.

Dawa ipo: wafunge filta, kifaa cha kulainisha makofi hayo, baada ya draivu, au draivu ziteremshwe karibu na pampu. Vinginevyo hata malaika akisuka mota hiyo itaungua.

Nitajaribu hapa maabara, nipate mchoro wa kuonyesha. Halafu nitampelekea Daktari, msimamizi wa mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Ni mtu mpole, na mambo ya draivu anayajua kuliko wote. Mota ya tatu wasiiwashe kwanza.

Mwanao

6 Machi

Mwanangu,

Salamu sana, na hongera. Sisi wazima. Mama yako amesimuliwa habari ya makofi na mwangwi, na sasa nikichelewa kumjibu anasema kebo yangu ni ndefu.

Nilimpelekea Mhandisi barua yako. Aliisoma yote, sitamsingizia. Kisha akasema, "Fundi, hii ni barua ya mtoto kwa baba yake. Hata mimi ningekuwa na binti asingeniona na kosa."

Nikamwambia, "Hajaandika kunisifu. Ameandika sababu."

"Basi niletee sababu hiyo kwenye karatasi yenye mhuri wa chuo, na vipimo. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Ikipita hapo nawasha. Watu wanataka maji, hawataki mwangwi."

Kwa hiyo mota ya tatu ipo karakana, nimeifunika turubai. Kobe, rafiki yangu mtunza pampu, yule aliyekufundisha kupiga mluzi, anapita kila asubuhi anaigonga mgongoni na kuiambia, "Pumzika, wakubwa wanaongea." Unamjua na mwendo wake, kwa hilo jina la Kobe hakuonewa. Jana aliniambia mbele ya Mhandisi, bila kukwepesha macho, kwamba mkono wangu anauamini kuliko makabati. Si kila mtu angesema hivyo.

Andika upesi. Mwezi una siku zake.

Baba yako

9 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sijapata barua yako tangu Februari. Posta nimekwenda mara mbili, yule dada wa dirishani sasa akiniona tu anatikisa kichwa. Simu yako inaita bila jibu. Kama unaumwa, mwambie mtu atuambie.

Hapa hatuko salama. Mwezi uliisha bila karatasi. Tarehe mosi waliifunga mota ya tatu na kuiwasha. Nilisema nisemacho, nikaambiwa nimepewa muda wa kutosha. Ilizunguka vizuri siku mbili. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Kobe aliinama kusikiliza beringi, kama anavyofanya siku zote, sikio karibu na mota. Kile kiboksi cha kuungia waya kikalipuka. Nilikuwa chumba cha pili. Nilipofika alikuwa amekaa sakafuni na mikono usoni, hapigi kelele, ananiuliza mimi, "Fundi, nimefunga macho au nimefungua?"

Jicho la kushoto limekwenda. Mikono imeungua mpaka vifundoni. Hospitali, kwenye korido, mke wake aliniuliza, "Ile mashine uliisuka wewe?" Nikasema ndiyo.

Nimesimamishwa kazi. Wanaleta mtaalamu kutoka chuoni aje kuchunguza. Huenda ni chuo chenu. Nimefurahi kwa hilo; angalau atakuja mtu anayejua.

Nakaa nyumbani nafungua na kufunga kisanduku cha vifaa. Kuna wakati najiuliza kama kweli nilipaka vanishi mara tatu ile mota, au mara mbili. Najua ni tatu. Lakini najiuliza.

Baba yako

20 Aprili

Shikamoo baba,

Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi sijambo. Samahani kwa kunyamaza, mitihani ilinibana na simu ilikuwa mbovu.

Nimehuzunika sana kwa habari ya mjomba Kobe. Mpe pole zangu. Mtaalamu atakayekuja atafanya kazi yake, tumwachie. Usibishane na watu, baba, utazidisha mambo. Nitaandika nikipata nafasi.

Msalimie mama.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Salamu. Mama yako hajambo. Mimi nipo.

Mtaalamu alikuja. Mtu mpole kweli, ananyenyekea, aliniita mzee wangu na akanishikia mlango. Nilimwonyesha kebo, nikamwonyesha mahali palipoungua. Alitikisa kichwa kama anayekubali. Hakuipima kebo. Alikata kipande cha koili yangu, akakitia kwenye mfuko, akaondoka.

Wiki hii tuliitwa kusomewa ripoti. Imesema ngozi ya waya niliotumia ni nyembamba kuliko inavyotakiwa siku hizi, na vanishi haikulingana. Kwa hiyo chanzo ni usukaji duni. Nilisimama nikasema waya huo ndio niliotumia miaka yote ishirini na sita na ndio ninaopewa na stoo. Mhandisi akasema, "Mzee, imetosha." Nikaomba kuishika ripoti. Akanipa, labda akidhani sitaweza kusoma.

Ukurasa wa mwisho una sahihi mbili. Ya juu ni ya huyo mtaalamu, kumbe ndiye Daktari wako. Chini yake pameandikwa, vipimo vya maabara vimefanywa na, halafu jina lako. Majina yako yote matatu, na hilo la katikati ni la mama yangu.

Nimewaza huenda chuo kizima kina mwanafunzi mwingine mwenye majina hayo. Niambie kama yupo. Mama yako sijamwambia. Nimeachishwa kazi tangu jana.

Baba yako

17 Juni

Baba,

Sijui nikusalimie vipi. Shikamoo.

Hakuna mwingine. Ni mimi.

Machi nilifanya jaribio kama nilivyokuahidi. Nilichukua mota ndogo na kebo ndefu, na kwenye kioo cha kipimo volti zikatokea karibu mara mbili, wazi kabisa. Tarehe kumi nilimpelekea Daktari mchoro. Aliutazama muda mrefu, akauliza, "Kituo gani hiki?" Nikamwambia. Akaenda kufunga mlango, taratibu, akarudi kukaa. Kumbe mpango wa kufunga draivu zenu aliuandaa yeye. Filta zilikuwepo kwenye mchoro wake wa kwanza, akaziondoa ili kazi iishe mapema.

Hakunitisha, baba. Ningependa kukwambia alinitisha. Alisema, "Una akili sana. Mradi wako nausaini mimi mwezi wa tano. Tusiwe na haraka na hili." Nikasema sawa. Neno moja tu.

Ningeweza kukuandikia jioni ile. Ningeweza kukwambia tu, baba, usikubali iwashwe, kalale juu ya hiyo mota. Nilikaa na kalamu, nikawaza miaka minne ya masomo, nikawaza labda haitaungua mapema, labda wataizima. Kisha barua yako ya Kobe ikaja.

Ule mfuko wenye koili yako alinipa mimi niupime. Niliijua koili mara tu nilipoufungua. Hakuna mwingine anayefunga uzi wa koili kwa fundo lile. Aliniambia nipime unene wa ngozi ya waya na vanishi, basi. Nikapima. Kila namba kwenye ripoti ni ya kweli. Hakuniuliza kilichoiunguza, na mimi sikusema. Nikasaini.

Matokeo yametoka, nimefaulu kwa daraja la kwanza. Amenipa nafasi ya kuwa msaidizi wake wa kufundisha, na nimekubali. Nilimwambia sharti langu ni filta zifungwe huko kwenu. Amekubali, ataziandika kama maboresho, bila kugusa ripoti. Alisema, "Si unachotaka ni mtu mwingine asiumie?"

Niambie nifanye nini. Ukisema niache nafasi hii, nitaiacha.

Mwanao

12 Oktoba

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mama yako magoti yamezidi, sasa anatembea kwa kushika ukuta. Barua yako ya Juni na zile tatu zilizofuata nimezipata, na zote nimezisoma mpaka mwisho. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika maneno ambayo baba hamwandikii mtoto wake, nikachana.

Uliuliza ufanye nini. Wewe si mtoto. Mimi nilikuuliza swali moja tu Februari, ukalijibu vizuri. Baada ya hapo hukuhitaji ushauri wangu ulipokuwa unanyamaza, kwa hiyo usiuhitaji sasa.

Nikupe habari, kwa sababu hizi ni haki yako kuzijua. Filta zilifungwa mwezi wa saba. Alikuja Daktari wako mwenyewe kusimamia, wakampigia makofi. Kijana aliyechukua nafasi yangu amesuka mota zile zile, kwa waya ule ule kutoka stoo ile ile. Hakuna iliyoungua tena, na leo ni miezi mitatu. Nilikuwa najua hazitaungua. Lakini hukufikiria, nami sikufikiria, watu watasema nini. Wanasema, mnaona, tangu yule mzee aondoke mota haziungui. Wanasema sokoni, wanasema kwenye foleni ya kinyozi, nami nimekaa kwenye kiti nimefunikwa kitambaa. Kila siku inayopita salama inanihukumu upya. Mama yako nilimwambia mwezi wa nane. Hajakutaja tangu siku hiyo, ila picha yako hajaiondoa ukutani.

Jumapili alikuja Kobe. Amekuja kwa miguu, mke wake amemshika kiwiko, maana upande wa kushoto bado anagonga vitu. Mikono imepona lakini vidole havikunjiki. Tulikaa sebuleni. Chai ilikuja, mke wake akamshikia kikombe. Alizungumza habari za mvua, habari za wajukuu, mpaka nikajua kuna kitu kimemleta.

Mwishoni akasema, "Fundi, nimekaa na hili jambo miezi sita, limenichosha. Binadamu anakosea. Mkono unachoka, hata mimi ningechoka. Nimekuja kukwambia nimekusamehe, tena kwa moyo wote. Usijitese."

Mke wake akawa analia. Kobe alikuwa ananitazama na lile jicho moja, na lilikuwa jicho la mtu aliyetua mzigo. Kuna maneno mawili tu ningeweza kumjibu. La kwanza ni kwamba mkono wangu haukukosea. Lakini angeniuliza, basi nani alikosea, na kuna aliyejua? Ningemjibu nini, mwanangu? Yeye ndiye aliyekufundisha kupiga mluzi.

Nikamjibu hilo lingine. Nikasema, "Asante, Kobe."

Akanishika bega kwa ile mikono isiyokunjika, akaenda zake.

Baba yako