Mtungi Uliosoma Sifuri

Saa 4:10 asubuhi, kwenye uwanja wetu wa chuma chakavu, shemeji aliwasha moto wa gesi, akaanza kuukata ule mtungi wa chuma wa gesi ya presha tulioung'oa kwenye mtambo chakavu wa kuchimba visima.

Mimi ndiye niliyemwambia ni mtupu. Kipimo cha presha kilisoma sifuri. Nilikisoma mara mbili. Mimi, mwenzangu, unanijua.

Aliyemwokoa ni fundi wa visima, alikuja kununua pampu tu. Akapiga kelele toka getini:

"We bwana, zima! Huo ukiwa mzima nauchukua mara sita ya bei ya chuma chakavu!"

Shemeji akacheka. "Mara sita? Kwani umejaa almasi? Chuma ni chuma."

"Zima kwanza, ndipo unicheke."

Akazima. Rangi ya mtungi ilikuwa imeshatoka malengelenge. Imeshatoka malengelenge, unaelewa?

Fundi akafungua kipimo chetu, akafunga cha kwake, akafungulia vali kidogo. Mshale ukapanda hadi baa tisini, karibu mara arobaini ya presha ya tairi la gari. Gesi ilikuwamo siku zote. Kipimo chetu kilikuwa kibovu, kimeganda kwenye sifuri.

"Nani kasema ni mtupu?" fundi akauliza.

Nikasema ni mimi.

Shemeji aliketi juu ya mabomba, akampigia dada yangu, mkewe, simu, akamuuliza tu kama mtoto amekula.

Mimi naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, samehe makosa.

Kisha fundi akatuondoa wote uani, akalegeza vali taratibu. Mtungi ulipuliza gesi kwa dakika tisa. Nilihesabu.