Nyanya Tuliyemwita Mtumishi

Mjukuu wangu Rukia,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Mji wa Kale tu wazima, ila mguu wa mjombako bado haujapona.

Umeniuliza kwa nini kipimo cha mate ulichofanya huko Kanada kimeonyesha asili ya Ziwa Nyasa, na sisi siku zote tumejiita Waarabu. Kipimo chako ni kweli. Mamake baba yangu aliletwa Mombasa utumwani kutoka Nyasa akiwa mtoto, akaja kuolewa na Mwarabu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili chakula kiligawiwa kwa asili ya mtu: Mwarabu mchele, Mwafrika mahindi. Karani wa serikali alikuja nyumbani kutuandika. Nilikuwa na miaka tisa, na nyanya alikuwa akinisuka nywele. Karani akamtazama, akamwuliza baba, "Na huyu mama ni nani wako?"

Baba alijua akimkubali kuwa mamake, sote tutaandikwa Waafrika.

"Ni mtumishi," akasema.

"Kweli, mama?"

"Kweli, bwana," nyanya akajibu, na vidole vyake havikuacha kunisuka.

Karani alipoondoka, baba alimwangukia nyanya miguuni akilia. Nyanya akamwambia, "Inuka, watoto wapate kula." Lakini tangu siku ile hadi alipokufa hakumwita tena "mwanangu". Alimwita "bwana", na baba akaitika.

Sikukwambia mapema kwa sababu mchele ule nami niliula. Jina lake lilikuwa Tausi. Mwombee dua kwa jina hilo.

Nyanyako,
Salma