Nafasi ya Mama Kwenye Sinia

Shikamoo Mama. Mguu unaendeleaje?

Harusi ya Ngamiani imenichanganya mpaka sasa. Kaka yake bibi harusi alikabidhi shughuli yote kwa programu tatu za simu, eti zinaelewana zenyewe: moja ya magari, moja ya kupanga wageni, moja ya jikoni. Sinia ni la watu wanne. Mkekani tuko watatu, na pilau haliji. Jikoni wanasema programu yao inangoja ya wageni iseme tumetimia. Ya wageni inaingoja ya magari. Ya magari inasema gari liko Pongwe tangu asubuhi, linakusubiri wewe ushuke kwenye basi! Wewe uliyelala Morogoro na mguu wako! Nikaiandikia, "Mama haji, anaumwa." Ikajibu, "Ahsante, tunamsubiri."

Wale wawili niliokaa nao mkekani, watu wazima nisiowajua hata majina, wakaanza kuninung'unikia. "Mwanangu, hebu mhimize mama yako. Njaa inauma."

Mwishowe Shangazi akatoka jikoni, upawa mkononi, akaketi kwenye nafasi yako, akachukua simu yangu na kubonyeza "Nimefika" kwenye jina lako. Sinia likaletwa hapo hapo. Sasa nani alikosea, na nani alirekebisha? Sielewi.

Halafu simu ikalia: "Mama yako amewasili salama." Nilimwona Shangazi akibonyeza, Mama, kwa macho yangu. Hata hivyo niligeuka kuangalia mlangoni.

Upone, uje uketi mwenyewe.

Mwanao,
Saumu