Kadi Iliyotoka Katika Pakiti ya Earline

Anniston, Alabama
Alhamisi, 9 Juni 1988

Mdogo wangu mpendwa Lucius,

Natumaini barua hii itakukuta umetulia barazani kwako huko Detroit, na wifi yangu Ruby amepona kabisa ile homa iliyomlaza mwezi uliopita. Mwambie namkumbuka kila siku katika sala. Mimi ni mzima, nakula vizuri na nalala vizuri, na majirani wanasema nazidi kuwa mbishi, jambo ambalo nalipokea kama dalili ya afya njema.

Mwaka huu tena mimi na Earline Tubbs tumepewa kazi ya kuchagua zawadi za watoto wa shule ya Jumapili. Watoto wa siku hizi ukiwapa penseli wanakutazama kama umewatukana. Wanataka kadi za wachezaji wa besiboli, basi. Na kanisa letu unalijua, moyo mkubwa, mfuko mdogo, kwa hiyo tunatafuta pakiti za bei ya chini. Hapo ndipo ugomvi wetu unapoanzia.

Mimi ni mtu wa pakiti nyekundu, zile za karatasi ya nta zinazouzwa duka la dawa. Ndani kuna kadi tele, na kipande cha chingamu juu yake, ila hujui umepata wachezaji gani mpaka ufungue. Earline anashikilia pakiti za bluu za kituo cha mafuta. Bei ni ile ile, kadi chache, chingamu hakuna, ila picha zinang'aa. Anasema chingamu yangu ni ngumu kama kigae na inaacha doa la mafuta usoni mwa mchezaji wa watu. Mimi namwambia mtoto hashibi picha. Tumebishana hivyo miaka na miaka, na ukweli ni kwamba kila mmoja wetu angekuwa mpweke bila ubishi huo.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tuliamua kumaliza maneno. Tulikaa chumba cha chini cha kanisa, wanakwaya wametuzunguka na sahani zao za kuku, tukaanza kufungua, yeye moja, mimi moja. Zangu zilianza vizuri. Nilipata warushaji wazuri, nikapata na yule mpigaji ambaye watoto wote wanamtaka. Nikamwambia Earline akusanye virago vyake aende nyumbani. Akanijibu, "Shoga, kuku hahesabiwi akiwa yai," akafungua pakiti nyingine, akanyamaza.

Lucius, Earline hanyamazi hata mchungaji akiomba. Akaitazama kadi moja, akanitazama mimi, kisha akaniuliza, taratibu sana, "Odessa, yule mtoto wa Lucius anaitwa Marcellus nani vile?"

Nikamwambia ni Odom, kama sisi sote. Akaigeuza kadi ile mezani.

Ni yeye. Amevaa jezi ya ligi kuu, mguu mmoja juu, mkono nyuma tayari kurusha, na ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo kama yako unapopigilia msumari. Nilijua ameitwa timu kubwa, lakini sikujua kwamba wamemchapisha. Kwaya nzima ilisimama. Dada Wilhelmina alidondosha paja la kuku, wala hakuliokota.

Najua umekataza jina lake lisitajwe nyumbani kwako tangu alipoacha chuo kufuata mpira. Najua pia sababu. Wewe na mimi tulimwona Baba akirudi na mkono usioweza kuinua hata kikombe, baada ya kumaliza ujana wake akisafiri kwa mabasi na kurusha mpira katika timu za weusi ambazo hakuna aliyezichapishia kadi. Uliapa kwamba mchezo ule hautamtafuna mwanao. Mimi sikuwahi kuiita hasira yako ukatili, Lucius. Niliiita hofu, na bado naiita hivyo.

Niliiomba kadi. Earline akaikumbatia kifuani, akasema ataitoa kwa sharti moja tu: nisimame mbele ya kwaya nitamke kwamba pakiti za bluu ni bora. Wote wakaanza kunicheka. Mmoja akapiga kelele, "Mama Odessa, leo umepatikana!" Nikasimama, nikatamka, tena kwa sauti ya madhabahuni. Hata nikaongeza kwamba laiti angekuwa kwenye pakiti yangu, chingamu ingemkalia puani. Earline alinipa kadi huku analia. Sijawahi kushindwa kwa raha namna ile.

Kadi nimeifunga humu ndani. Itazame mbele, halafu geuza nyuma. Wameandika mahali alipozaliwa, na ni Detroit, kwako.

Sasa sikiliza, wala usiitupe barua. Jumatatu nilimpigia simu mwanao. Namba yake ninayo siku zote, ila hukuwahi kuniuliza. Timu yake inakuja Atlanta mwisho wa mwezi huu, na Jumamosi ndiyo zamu yake ya kurusha. Nilimwambia baba yake atakuwepo. Sikusema labda, wala nikimshawishi. Nilisema atakuwepo. Akauliza, "Shangazi, Baba anapenda kukaa wapi? Kule mbali nyuma ya mgongo wangu, au upande ambao ataniona uso?"

Nilimwambia upande wa uso.

Ijumaa hiyo, siku moja kabla ya mchezo, nitakuwa stesheni ya basi hapa Anniston nikikusubiri, nimevaa kofia yangu ya njano, na Earline ameomba twende naye Atlanta, nami nimekubali. Msalimie sana Ruby, waambie na majirani zako dada yako anawakumbuka. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye hajawahi kukudanganya na hataki kuanza uongo kwa mtoto wako,

Odessa