Wamefuta Maneno Yetu, Elia

Elia,

Nina hasira, na katika watu wote ninaowajua ni wewe peke yako ambaye hungeniambia nitulie kwanza. Wamefuta maneno yetu. Yote, ndugu yangu.

Kituo chetu cha kompyuta hapa Kizota kilifungwa kwa likizo ya wiki mbili. Siku ya kufungua niliwasha kompyuta ya dirishani nikadhani nimeingia chumba cha watu wengine. Ule mfumo wa bure tulioutafsiri mimi na wewe, Jumamosi baada ya Jumamosi kwa miaka miwili, wenyewe huko waliko wameuchora upya. Orodha iliyokuwa pembeni imehamia chini katikati. Kila kitu kimeviringishwa na kupakwa rangi za peremende. Palipokuwa na neno, sasa pana kapicha. Na maneno machache waliyoyabakiza ni ya Kiingereza, maana ya kwao ni mapya, hakuna aliyeyatafsiri, na ya kwetu hayakuhamishwa.

Aliyeuingiza ni Deo, msimamizi aliyepewa kiti chako. "Nimeapdeti zote kumi na mbili, mwalimu," aliniambia, anatabasamu. Hakuniuliza. Hakujua kwamba neno "Jalala", la pale faili zinapotupwa, tuliligombania mpaka wodini, miguu yako imevimba, figo zimegoma, na wewe unaniuliza kama nimeshalituma.

Ningemeza, kama si Mama Nyemo. Unamkumbuka alivyokuja mara ya kwanza, katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu kule Mkonze, darasa la saba, Kiswahili chake kimejaa Kigogo, anaishika mausi kama inataka kuruka. Ulimkalisha ukamwambia, "Mama, hii mashine inaongea lugha yako ya shule. Isome tu." Akaisoma. Mwaka mzima ameandika mihutasari ya kikundi bila kumwita mtu.

Wiki ile alikuja asubuhi kuandika barua ya kuomba chumba cha baridi cha kutunzia zabibu. Ilitakiwa ifike ofisi ya kilimo kabla ya saa tisa. Aliandika mpaka mchana. Mimi nilikuwa nafundisha chumba cha pili. Alipomaliza akatafuta neno la kuhifadhia, hakuliona. Akajaribu kufunga, likaja swali la Kiingereza lenye vibonye vitatu. Alibonyeza cha kwanza. Barua ikapotea.

Hakulia, wala hakumlaumu mtu. Alikunja kanga yake akasema, "Basi, mwalimu, mimi nimeshazeeka," akatoka. Nilikimbilia barabarani, alikuwa ameshapanda bodaboda. Barua haikufika siku ile.

Nikaenda kwa Deo, na sikuongea kwa sauti ya chini. Nilimwambia ameharibu kazi ya marehemu. Akaniangalia kwa utulivu uliozidi kuniudhi, akasema, "Watu wanaupenda, Mwalimu Rajabu. Waulize."

Nikawauliza, nikijua nitamwaibisha. Elia, sikumwaibisha. Wanafunzi wa sekondari wanasema sasa inafanana na simu zao, hawahitaji kufundishwa. Wengine wanalalamika inachosha macho. Mwalimu mmoja mstaafu alinishika mkono akaniomba nimrudishie ya zamani, kama vile nimeificha mimi. Halafu nikamuuliza fundi Athumani, mchomelea mageti wa jirani, yule uliyemfundisha kuchora mageti kwenye kompyuta. Nilikuwa na uhakika na Athumani.

Alisema, "Mimi nimefurahi, mwalimu. Yale maneno yenu yalikuwa yananitesa. Kusoma kwangu ni kwa shida. Nilikariri tu, neno la tatu kutoka juu, neno la tano. Picha naiona mara moja."

Mwaka mzima, Elia. Mwaka mzima amekaa mbele yetu anahesabu mistari kwa kidole, na sisi tunabishana kama "Tendua", neno la kurudi nyuma hatua moja, ni Kiswahili fasaha. Wewe ulijua? Kama ulijua ukanyamaza, nina neno na wewe. Maana ulikuwa na tabia hiyo. Ulijua figo zako zinakufa tangu mwaka wa kwanza wa ile kazi, ukaniambia ni uchovu wa joto. Nilikuwa nakuletea karanga za mama kutoka Kondoa, za chumvi, na daktari ameshakukataza chumvi, na wewe unakula ili nisiulize. Nimelijua hilo msibani, kwa mkeo. Bado sijakusamehe vizuri.

Basi nikawaandikia hao wenye mfumo. Nilitukana kwanza, nikafuta, nikaandika upya. Walijibu kwa adabu. Walisema wanasikitika, watumiaji wengi wameusifu muonekano mpya na wengine wameulalamikia, na mtu yeyote anaruhusiwa kutafsiri. Wakanitumia orodha. Ni ndefu kuliko ile yetu ya kwanza. Kwa hiyo walitutupa, halafu wakatukaribisha tuanze upya kwa asante ileile. Nilifunga kompyuta nikaenda kukaa nje karibu na Athumani, cheche zinaruka, mpaka hasira ikabaki ya kiasi cha kufanyia kazi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mkonze na laptopu mgongoni. Mama Nyemo alikuwa anapogoa mizabibu. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kukata. Nikamwambia sijaja kumrudisha darasani, nimekuja kuomba anisaidie maneno. Akasema, "Mimi nikusaidie wewe maneno?" Nikasema ndiyo, na la kwanza ni lile alilolikosa siku ile.

Akafikiri, kisu mkononi. "Hifadhi," akasema. "Lile sikuwahi kulielewa. Hifadhi ni kule kwenye tembo. Nilikuwa nabonyeza kwa sababu Mwalimu Elia alisema nibonyeze."

Nilicheka mpaka nikaegemea mti wa uzio. Wiki tatu tulinuniana kwa neno hilo. Mimi nilitaka "Tunza", wewe ukasema, "Mrangi, kompyuta isiongee kama jikoni." Nilikubali kwa sababu ulikuwa unashinda kila ubishi kwa kuinuka na kwenda kuchemsha chai. Nilikuwa sahihi, Elia, na hupo niringe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tumeshafika katikati ya orodha. Kila neno namsomea kwanza Mama Nyemo, na kila kapicha namwonyesha Athumani. Akikitambua bila neno, tunaandika neno fupi chini yake. Asipokitambua, tunabishana. Deo ameturudishia mfumo wa zamani kwenye kompyuta nne kwa muda. Alifanya hivyo mwenyewe, sikumwomba, na mimi bado simsalimii kwa furaha. Barua ya zabibu tuliiandika upya tukaipeleka imechelewa. Walipokea, wakasema tusubiri mpaka awamu nyingine. Kikundi hakikumvua ukatibu.

Juzi tulituma fungu la kwanza. Mwishoni pana nafasi ya kuandika jina la mfasiri. Nilijua ungetaka niandike la nani, nikamuuliza Mama Nyemo jina lake kamili la ubatizo. Akaniambia Debora. Nikaliandika mbele ya langu. Aliinama akalisoma kwenye skrini, herufi moja moja, kisha akaniambia nifunge mlango, kuku wanaingia.

Pumzika, rafiki yangu. Sikuahidi kupoa. Wakichora tena na kutufuta tena, nitakasirika tena kama leo, nitawaandikia tena, na Jumamosi nitabeba laptopu kwenda Mkonze. Hilo nakuahidi.

Wako,
Rajabu