Mpigie Hakim Kabla ya Jumatano

Namatala,
Mbale.
15 Novemba 2025

Mpendwa shemeji Wahab,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Nairobi? Mgongo umepoa, au bado unaulea kama mke wa pili? Sisi hatujambo, ila uzima wetu una kasoro, ndiyo maana naandika. Simu siwezi. Chumba ni kimoja, na mdogo wako ana masikio.

Hakim anakohoa, shemeji. Tangu wamhamishie kwenye tanuru la chuma pale kiwandani Jinja, kazi yake ni kupakia makaa ya mawe kwa koleo. Akija nyumbani hata mate yake ni meusi. Usiku analala ameketi.

Juzi yeye na wenzake walipelekwa hospitali kupuliza kwenye mrija, mashine ipime mapafu. Mwenzake Semei ndiye aliyenisimulia. Unajua tena Hakim, mtoto wa askari: alidhani ni kama kuandikishwa jeshini, anayeshindwa anafukuzwa. Akasimama wima. Unakohoa? "Hapana, afande." Unaishiwa pumzi? "Hapana, afande." Kazi yako? "Mlinzi wa geti, afande." Daktari akatazama kipimo, akauliza ni geti gani hilo linalokula mapafu. Amemwita tena Jumatano, na mpaka siku hiyo yuko nyumbani.

Mimi nilicheka kwanza, kisha nikalia. Akirudia uongo ule, wataandika ni ugonjwa wa kawaida tu. Fidia hakuna, na atarudishwa kwenye vumbi lile lile. Naogopa, shemeji. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akanijibu nisimtabirie.

Wewe ndiye uliyemlea, na neno lako halivuki. Tafadhali mpigie umwambie ataje makaa, ataje na kikohozi. Mimi usinitaje.

Jana alikwenda kuadhini sala ya Ijumaa kama kawaida yake. Alifika katikati akanyamaza. Watu wakangoja, mwisho Jafar mchinjaji akammalizia. Aliporudi aliniambia kipaza sauti kimeharibika, nami nikampa chai.

Kipaza sauti kilikuwa kizima, shemeji. Namatala nzima tulimsikia akihema.

Nisalimie sana wifi Nasiba, na umbusu Zahara mdogo. Mola awape afya na awalindie kila pumzi.

Shemeji yako akupendaye,
Mastula