Damu ya Mtu Asiyeumwa

Dar es Salaam,
Mei 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wewe na kaka Methodi na wote hapo Mkumbi, na kwamba kidonda cha mguu kimekauka. Dagaa wa Mbamba Bay uliompa shangazi Bonifasia aniletee walifika; wenzangu wa bwenini walinisaidia kuwamaliza bila kuombwa. Mwambie kaka asikubali kuuza kahawa ikingali mtini, hata hao wanunuzi binafsi wakimsifia vipi.

Uliuliza ninasomea nini hasa, maana majirani wanadhani nitarudi daktari. Ninatengeneza kipimo cha sukari, Mama. Kuna plastiki ya ajabu inayopitisha umeme. Tunaiotesha juu ya waya mwembamba, inakuwa utando mweusi kama masizi ya chungu chako, na humo tunanasa kimeng'enya, kitu kinachoitambua sukari na kuyaacha mengine. Tone la damu likigusa, umeme kidogo unapita; sukari ikizidi, nao unazidi. Niliichagua kazi hii kwa ajili yako, usiwe unashuka Mbinga mjini na mguu ule kila unapotaka kupimwa.

Lakini kipimo kilinisumbua. Kukijaribu kulihitaji damu ya mtu asiyeumwa, nami nikajitolea yangu. Kila mara kikasoma sukari nyingi. Mwalimu wangu, Dakta Lusekelo, akasema labda ni sukari ya chai vidoleni. Nikanawa. Akasema basi utando umeharibika. Nikautupa, nikaotesha mwingine, nao ukasema yale yale. Nililia, maana nisipofaulu ningerudi kwako mikono mitupu.

Mwishowe alijichoma kidole mwenyewe, na damu yake ikasomeka vizuri kabisa. Kesho yake alinisindikiza hospitali. Mama, kipimo kilikuwa kinasema kweli tangu siku ya kwanza. Nina kisukari, kama wewe. Kweli mganga hajigangi.

Usilie, wala usiseme ni wewe uliyenipa. Nimeanza dawa na ninaendelea vizuri. Ila naogopa kidogo, na hilo siwezi kumwambia mtu mwingine.

Krismasi nilikutania kwamba chai yako isiyo na sukari ni maji ya kuoshea vikombe. Sasa ndiyo ninayokunywa. Likizo nitakuja na kipimo, tupimane hapo jikoni, wewe kwanza. Halafu unifundishe kuinywa chai hiyo bila kukunja uso.

Nisalimie kaka, na majirani wote wanaonisubiri nirudi na sindano.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Aurelia